Mitungi Miwili Nyuma

Soweto West, Kibera
Jumanne, 9 Septemba 2025

Kwa Muema Ndululu, fundi wa mikokoteni, Kawangware.

Naitwa Kalondu. Baba yangu ni Mutuku, yule mliyevuta naye mkokoteni miaka sita kabla hujaanza kuunda ya kuuza. Nimekupigia kwa simu ya jirani mara nne hukushika, kwa hivyo naandika. Barua analeta anti Akeyo wa mboga, ambaye hununua hapo sokoni kwenu kila Jumanne na Ijumaa. Nimemwambia asiondoke mpaka uifungue.

Jumamosi baba alikuwa anashuka na maji kuja huku kwetu. Mitungi kumi na mitano, juu ya mkokoteni uliomuundia mwaka jana. Alipoanza kuteremka akainua mikono ya mkokoteni, kama mnavyofanya, ili mkia ushuke na ile tairi ya chini isugue lami. Breki haikushika. Mkokoteni ukaanza kumsukuma. Chini kulikuwa na foleni ya kina mama kwenye kioski cha maji, wengine na watoto mgongoni. Baba akaukata kushoto, ukagonga ukuta, yeye akiwa katikati ya mikono. Mguu wa kulia umevunjika mahali pawili chini ya goti. Daktari amesema miezi minne.

Hiyo breki yako nimeiangalia. Ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigwa misumari chini ya ubao, upana wake hauzidi kiganja changu. Wavutaji wa hapa wanasema ungeweka tairi pana baba angekuwa anatembea. Mimi niko kidato cha tatu, mwaka huu tunasoma kani na mwendo, kwa hivyo usidhani utanipoteza kwa maneno ya karakana.

Nijibu swali moja tu. Kwa nini haikushika?

Kalondu Mutuku


Kawangware
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Kalondu,

Sikushika simu kwa sababu tangu Jumamosi nimepigiwa na watu thelathini na mmoja, nimewahesabu, na ishirini na tisa kati yao walitaka kunitukana. Nilidhani wewe ni wa thelathini na mbili. Sikukosea sana.

Pole kwa baba. Naliandika hilo mapema ili usije ukasema sikuliandika.

Sasa nisikilize. Nimeunda mikokoteni mia mbili na kumi na nne kwa mikono hii. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu kuniambia, Muema, leo nimeshuka salama. Mmoja umegonga ukuta, na saba imerudishwa hapa uani, imesimama mikono juu kama watu walioshikwa na polisi. Muiruri, mwenye ploti, alikuja Jumatatu akazunguka akiitazama. Akasema, "Muema, huko nje wanasema hapa ndipo majeneza ya magurudumu yanapotengenezwa. Mimi jina hilo sitaki kwenye ploti yangu. Tarehe thelathini nikikuta hii mikokoteni bado imejaa hapa, tafuta pengine." Miaka kumi na miwili niko kwenye kibanda hiki. Nilipokuja palikuwa na shimo la takataka, nikalijaza mwenyewe kwa koleo.

Habari ya kidato cha tatu usiniandikie kana kwamba ni cheo cha chifu. Mwalimu wangu wa darasa la saba, kule Machakos, aliniambia mbele ya watoto arobaini na wanane kwamba kichwa changu ni cha kuvuta, si cha kusoma. Basi nikavuta. Lakini hesabu haiulizi mtu alifika darasa gani, na mimi nataka hesabu.

Chukua mpira mwembamba wa maji, ule wa waashi unaoonyesha maji ndani, upime mteremko unashuka kiasi gani kwa kila mita nane. Pima urefu kutoka pale breki ilipokosa kushika hadi ukutani. Tafuta mstari wa tairi kwenye lami, uniambie ni mweusi au ni hafifu. Ng'oa kile kipande cha tairi umpe Akeyo aniletee. Na uniandikie mitungi ilipangwaje, safu kwa safu. Usipime kwa hatua za miguu. Hatua sizikubali.

Muema Ndululu


Soweto West
Jumanne, 16 Septemba 2025

Fundi Muema,

Nimepima Jumapili baada ya kanisa. Anti Akeyo alishika mpira upande wa juu, mimi chini. Watu walitaka kujua tunafanya nini, akawaambia tunatafuta petroli, na wawili wakakaa kusubiri.

Kila mita nane, mteremko unashuka mita moja. Nilipima mahali patatu, tofauti ni sentimita mbili tu. Kutoka pale baba alipoanza kusukumwa hadi ukutani ni mita ishirini na nne. Mistari ya tairi iko mingi kwenye ile lami kwa sababu kila mkokoteni unasugua hapo, lakini wetu ni ule unaokata kushoto kwenda ukutani. Ni hafifu, kama mtu aliyeburuta ufagio. Kipande cha tairi ni hiki alichobeba anti.

Kuna jambo nililokuandikia nimekosea, nalifuta. Niliuliza Madam Wagaki, mwalimu wetu wa fizikia, kuhusu tairi pana. Amesema msuguano hauongezeki kwa sababu kitu ni kipana. Unategemea mambo mawili: zile nyuso mbili zinakwaruzana vipi, kwa mfano mpira na lami, na kani inayozikandamiza pamoja. Basi. Yeye anafundisha kwa Kiingereza, maneno ya Kiswahili nimeyatafuta mwenyewe ili tuelewane. Kani ni ule msukumo au mvuto wowote unaotaka kubadilisha mwendo wa kitu. Kitu kikiwa kinakwenda, kitaendelea kwenda vile vile mpaka kani ikizuie. Ukuta nao ni kani.

Baba anakusalimia. Hajaniambia nikusalimie, lakini nikitaja jina lako hageuzi uso.

Mitungi ilipangwa kama kawaida.

Kalondu


Kawangware
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Kalondu,

Tairi imefika. Misumari yote sita ilikuwa imekaa imara, nimeona matundu yake hayakupanuka. Mpira haujachanika wala haujalika upande mmoja. Nikaiweka kwenye lami hapa nje, nikaipandishia mzigo wa kilo kumi, nikaivuta kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya muuza nyama. Ikasoma sita. Nikaigeuza ikae kwa ubavu, ikawa inagusa nusu tu ya upana. Ikasoma sita. Njambi wa duka la mbele akatoka nje kabisa. "Fundi, siku hizi unatembeza tairi kama mbuzi?" Nikamwambia ndiyo, na hataki nyasi.

Lakini sita ni sita. Mwalimu wako yuko sawa. Miaka yote hii watu wananisumbua niweke tairi pana, nami naweka, kumbe upana unaongeza tu siku za tairi kuisha.

Kwa hivyo kila kilo kumi zinazokandamiza tairi, zinazuia kilo sita. Fuata sasa, na kalamu mkononi.

Mkokoteni mtupu ni kilo mia. Mitungi kumi na mitano ya lita ishirini ni kilo mia tatu. Jumla mia nne. Kama mteremko unashuka moja kwa nane, basi moja ya nane ya uzito ndiyo inayosukuma kwenda chini. Kilo hamsini. Hizo hamsini ndizo mvutaji anashindana nazo.

Kutoka ekseli hadi mahali pa kushika ni mita mbili. Kutoka ekseli hadi tairi ya mkiani ni mita moja. Mvutaji akiinua kilo arobaini kule mbele, nyuma zinafika themanini, kwa sababu upande wake ni mrefu mara mbili. Themanini zikikandamiza, tairi inazuia arobaini na nane. Hamsini toa arobaini na nane, mbili. Kilo mbili mtu anazishika kwa visigino huku akipiga mluzi.

Lakini hiyo ni mzigo ukiwa umekaa sawa juu ya ekseli. Na tairi iliyolaliwa na kilo themanini huandika lami kwa wino mweusi. Wewe umesema ufagio. Tairi ya Mutuku haikukandamizwa. Iligusa tu.

Kila mvutaji anajua jambo hili. Ukipanda mlima unaweka mzigo mbele kidogo, la sivyo mkokoteni unakuinua miguu hewani. Ukifika juu, kabla ya kuteremka, unasimama, unatoa mitungi miwili mbele kabisa, unaipeleka mkiani. Tunaita mbili nyuma. Mimi ndiye niliyemfundisha Mutuku. Nimepanga mitungi hapa uani vile tunavyopanga kwa kupanda, nikapima: mzigo umetangulia ekseli kwa sentimita ishirini. Ukiuacha hivyo kwenye mteremko, katika zile kilo arobaini za mikono ya baba yako, thelathini zinaisha kwa kushikilia pua isianguke. Zinabaki kumi. Mkiani ishirini. Tairi inazuia kumi na mbili. Hamsini toa kumi na mbili ni thelathini na nane, na hizo zote zilimkaa mgongoni.

Nilikuuliza mitungi ilipangwaje, safu kwa safu. Umepima mteremko mpaka sentimita, halafu hapo ukaandika "kama kawaida" ukapiga kona. Sawa, ni baba yako. Lakini Mutuku amezembea, hakuhamisha, na ameniacha mimi nibebe matusi. Jumamosi tarehe 27 nakuja na mkokoteni hapo juu ya mteremko. Wavutaji wote wawepo. Nitasema jina lake mbele yake.

Muema


Soweto West
Jumanne, 23 Septemba 2025

Anko Muema,

Usimtaje baba. Hakuzembea.

Siku hiyo nilikuwa naye, Jumamosi huwa namsaidia kupanga. Tulifika juu akasimama kama siku zote, akashika mtungi wa kwanza. Nikamuuliza, "Baba, mbona unahangaika? Uzito si ni ule ule?"

"Ni mbili nyuma."

"Najua ni mbili nyuma. Kwa nini?"

Akafikiri. Alifikiri kwa muda, Anko, na mtungi ukiwa mkononi. Akasema, "Muema alisema hivyo."

Nikacheka. Ningeweza kukuandikia kila kitu nikaacha hicho kicheko, na wiki mbili nimefanya hivyo hasa. Nikamwambia, "Msuguano unategemea uzito. Mitungi ikiwa mbele ni kilo mia tatu, ikiwa nyuma ni kilo mia tatu. Hizi ni imani za wavutaji tu." Akanitazama, akarudisha mtungi mbele. Akasema, "Sawa, daktari." Alikuwa anafurahi. Alishika mikono akaanza kushuka akiwa bado anafurahi.

Alhamisi iliyotangulia nilikuwa nimepata tisa kwa kumi kwenye mtihani wa msuguano.

Nilichokosea nakijua sasa, ni barua yako imenionyesha. Uzito wote haubadiliki, ni kweli. Lakini msuguano wa ile tairi hautegemei uzito wote, unategemea ule unaoilalia tairi peke yake. Na huo unabadilika ukihamisha mtungi, kwa sababu ekseli ni kama mhimili wa mizani. Mtungi mmoja ukitoka mbele kabisa hadi mkiani unasafiri mita moja na nusu. Kilo ishirini mara moja na nusu ni thelathini. Mitungi miwili, sitini. Na mzigo wenu wa kupanda, kilo mia tatu mara sentimita ishirini, ni sitini. Mbili nyuma inafuta sitini yote. Haibaki hata moja. Sisi hiyo tunaita momenti, tulisoma kidato cha pili, na sikuikumbuka nikiwa nimesimama mbele ya mkokoteni.

Nimemalizia hesabu yako pia. Kilo thelathini na nane zikisukuma kilo mia nne, kasi inaongezeka karibu mita moja kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya mita ishirini na nne mkokoteni ulikuwa unakwenda karibu mita saba kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mtu anayekimbia kwa nguvu zake zote, ila huyu ana kilo mia nne.

Baba hajamwambia mtu. Hospitali walimuuliza imekuwaje, akasema breki. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nikanyamaza, halafu nikaenda nyumbani nikakuandikia ile barua ya kwanza kana kwamba naamini. Nadhani siku mbili tatu niliamini.

Jumamosi nitaje mimi. Baada ya hapo sijui kama nitarudi kwenye lile darasa la Madam Wagaki. Sioni nitakaaje.

Kalondu


Soweto West
Alhamisi, 25 Septemba 2025

Muema ndugu yangu,

Vuuti, na pole kwa yote yaliyokupata. Mimi si mtu wa barua, hii itakuwa fupi.

Msichana amenisomea alichokuandikia. Nilikuwa nimejipanga kwamba hilo litaisha na mimi. Niliposema breki nilidhani breki haina mtu wa kuumia. Sikukumbuka ina mwenyewe. Hilo ni kosa langu, na nisamehe.

Jumamosi sema nilizembea. Nitakuwa hapo na magongo yangu nami nitakubali. Mimi watanicheka wiki moja watachoka. Yeye wakimcheka ataacha shule, nimeona macho yake. Shule ya huyu mtoto nimeivuta kwa mkokoteni tangu darasa la kwanza. Mguu utapona.

Mutuku


Kawangware
Ijumaa, 26 Septemba 2025

Kalondu,

Akeyo amekaa hapa kwenye kigoda anasema nyanya zake zinaiva, kwa hivyo naandika haraka.

Nimekasirika, na nitakasirika kwa muda. Wiki mbili mlijua. Kabla hesabu haijanipa jibu mimi nilikuwa nageuza ile tairi, nachungulia matundu ya misumari, najiuliza nimemvunja Mutuku wapi. Nilikuwa nimeanza kuota niko chini ya mkokoteni natafuta ufa.

Leo nina barua mbili mezani. Mmoja ananiomba nimtaje yeye, mwingine ananiomba nimtaje yeye. Sitamtaja mtu. Wala kesho siji. Nikisimama hapo mimi, watasema fundi anajitetea. Collins, mvutaji wangu, ataleta mkokoteni asubuhi na viroba vinne vya mchanga. Tarehe thelathini ni Jumanne. Utakachofanya na mkokoteni ni shauri lako.

Ila kama utafanya, fanya kama fundi. Usianze juu kabisa. Anza mita sita kutoka chini, viroba ukutani, na kamba mkiani ikishikwa na wanaume wanne. Nimejaribu hapa kwetu mara nyingi: ukikata njia kuwa robo, kasi haipungui robo, inapungua nusu. Sijui kwa nini. Wewe huenda unajua. Hakuna watu chini, hata mmoja. Na usianze na maneno. Wavutaji hawasikii maneno mpaka waone kitu kinakwenda.

Muema


Soweto West
Jumapili, 28 Septemba 2025

Anko Muema,

Walikuja wavutaji ishirini na kitu, na watoto wasiohesabika. Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magongo mapajani. Collins alipofunga kamba, Okoth akaanza. Unamjua, yule mrefu mwenye mdomo. "Niaje watu wangu! Fundi ameogopa kuja, ametutumia mtoto wa shule atusomee hadithi."

Nikamwambia, "Basi vuta wewe."

Tulipanga mitungi vile ya kupanda, tukaanza mita sita. Okoth akainua mikono, mishipa ya shingo ikatoka, tairi ikagusa tu. Mkokoteni ukamchukua. Wale wanne walikuwa wameilegeza kamba, ilipokaza wakaburutwa, viroba vikapigwa, Okoth akaruka pembeni kiatu kimoja kikabaki nyuma. Watu wakapiga kelele. Kwenye lami, ufagio.

Tukarudisha juu. Nikahamisha miwili mwenyewe, nikamwambia avute tena. Hakutaka, wakamzomea wakimwita "mama", akavuta. Alishuka nusu ya njia, akausimamisha kabisa, akageuka kutuangalia kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi. Nyuma yake mstari mweusi tii.

Hapo mtu akasema, "Si ni wazi? Mzee Mutuku alizembea." Nikaona baba anashika magongo ili asimame, mdomo umeshafunguka. Nikasema kabla yake.

Nimesema yote, Anko. Kicheko pia, na "sawa, daktari" pia. Halafu Okoth akasema, "Kwa hivyo ni shule ilivunja buda Mutuku mguu?" Wakacheka sana, na mimi nilikuwa najua watacheka, lakini kujua hakusaidii.

Nikamwambia, "Okoth, mbona ni mitungi miwili? Mbona si mitatu?"

Akasema, "Ni mbili nyuma, iko hivyo."

"Kwa nini?"

Akaangalia wenzake. Hakuna aliyejua. Watu ishirini na kitu, wengine wameshuka ule mteremko kabla sijazaliwa, hata mmoja. Basi nikachukua ubao wa mtu wa mandazi, nikauweka juu ya jiwe, na vifuniko vya mitungi vikawa mitungi, nikawaonyesha. Na miwili, mzigo unakaa sawa. Na mitatu, mkia unakuwa mzito, ukifika tambarare mkokoteni unataka kukuinua, unavuta ukiwa umening'inia. Okoth alichuchumaa karibu kuliko wote. Alihamisha vile vifuniko mwenyewe mara tano. Aliniuliza itakuwaje kwa mitungi ishirini, na itakuwaje mvua ikinyesha lami ikiteleza. Nikamwambia mvua inapunguza ile sita yako, labda iwe tatu, na hiyo lazima tupime. Akasema nikipima nimwite.

Wakati wa kuondoka baba alikawia. Alisimama pale juu na magongo, akaangalia mkokoteni wa Collins ukiwa mtupu, akaniambia, "Kumbe ni sitini." Nikasema ndiyo. Akasema tena, "Sitini," kama mtu anayejaribu kiatu.

Kuhusu lile la robo na nusu: kasi ikizidishwa kwa yenyewe ndiyo inayokua sawa na urefu wa njia. Njia ikiwa robo, kasi ni nusu, kwa sababu nusu mara nusu ni robo. Ulikuwa umeipata bila mtu kukuonyesha. Nimemwambia Madam Wagaki leo kanisani, akaniuliza huyo fundi alisoma wapi.

Kesho naenda shule. Kuna wenzangu darasani ambao kaka zao walikuwepo pale.

Kalondu


Kawangware
Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Kalondu,

Jumanne asubuhi mikokoteni miwili ilichukuliwa. Kufikia saa saba imekuwa minne. Jioni akaja mtu mrefu mwenye mdomo akachukua wa tano, na hakuondoka kabla ya kupima kutoka ekseli hadi mkiani kwa kamba ya kiatu. Muiruri alikuja na giza linaingia, akahesabu iliyobaki kwa kidole. "Miwili."

"Miwili."

"Basi kaa. Lakini isizae."

Hiyo ndiyo habari njema, na mimi ningependa barua iishie hapo. Nimeianza mara tatu ikaishia hapo, nikaichana.

Umeandika kwamba baba yako alifikiri, mtungi mkononi, halafu akasema "Muema alisema hivyo." Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko hesabu zako. Mwaka wa 2007, tukiwa tunapakia hapa karibu na mtaa wa Satellite, Mutuku aliniuliza swali hilo hilo. "Kwa nini mbili?" Ilikuwa siku yake ya kwanza au ya pili. Mimi nilikuwa na haraka, na ukweli ni kwamba sikujua. Nilijua inafanya kazi. Nilimwambia, "Unauliza kama mwalimu? Weka." Wenzetu wakacheka. Hakuniuliza tena miaka sita yote.

Kwa hivyo ulipomletea sababu, hata iliyo mbovu, yeye mkononi hakuwa na sababu yoyote ya kuipima nayo. Alikuwa na jina langu tu. Ungekuwa wewe, ungechagua nini? Mimi mwenyewe ningemsikiliza aliyepata tisa kwa kumi.

Nimemlaumu yule mwalimu wa darasa la saba miaka thelathini na miwili. Sasa sijui nimweke wapi.

Akeyo amebeba kipande cha ubao. Ni cha kupigilia kwenye kila mkokoteni unaotoka hapa, mbele, mahali mvutaji anapoangalia akishika mikono. Nimekiandika kwa mkaa ili kifutike. Kinasema:

UKITEREMKA, MITUNGI MIWILI IENDE MKIANI. MZIGO WA MBELE UNAKULA NGUVU ZA MIKONO YAKO, TAIRI INABAKI KUGUSA TU. MIWILI × KILO 20 × MITA 1½ = 60. NDIYO SITINI ILIYOKUWA IMEZIDI MBELE. LAMI IKILOWA, ULIZA KWANZA.

Kisome. Kama kuna mahali mtu anaweza kuuliza kwa nini na ubao usimjibu, futa uandike upya, kwa mkono wako. Kisha umsomee Mutuku, aseme kama ameelewa. Asiposema ameelewa, usinirudishie.

Ila usikae nacho wiki nzima. Nina mikokoteni miwili ya zamani na mitatu mipya hapa uani, na misumari nimeshanyoosha.

Muema